Mama wa watoto watatu, Tanga: nirudie masomo gani ili niingie uuguzi?

MamaWatatu_Makorora

Asalaam aleikum, na habari zenu wote.

Naomba ushauri wa wanaoyajua haya mambo vizuri. Nina watoto watatu: wa miaka minane, wa mitano, na wa mwaka mmoja na miezi miwili ambaye bado ananyonya. Cheti changu cha kidato cha nne ni cha 2016: Kiswahili C, Baiolojia D, Uraia D, Jiografia D, halafu Historia, Hisabati na Kiingereza ni F. Pointi 30, daraja la nne. Fizikia na Kemia niliziacha nilipomaliza kidato cha pili. Ninachokitaka ni uuguzi na ukunga.

Nyumbani kuna kauli tatu. Mume wangu anasema nirudie yote saba ili cheti kiwe safi. Jirani anasema nianze na QT. Wifi yangu anasema niachane na sayansi, niende ualimu wa chekechea.

Maswali yangu: nisajili masomo mangapi? Vitendo vya sayansi nitavifanyia wapi mtu nisiye shuleni? Na kofia za viua ninazoshona (zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi), ambazo nazipenda na hunipa hela kidogo, niziache kwanza mpaka mtihani upite?

---

Mwalimu_Chumbageni

Waaleikum salaam dada. Anza na mlango unaotaka kuingilia, kisha ndiyo uhesabu masomo. Wengi wanafanya kinyume na wanaumia.

Sifa ya kuingia uuguzi na ukunga ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia (au Sayansi ya Uhandisi). Ufaulu maana yake D kwenda juu, na D inaanzia alama 30. Sasa tazama cheti chako. Baiolojia unayo. Kiswahili, Uraia na Jiografia unayo. Kinachokosekana ni Kemia na Fizikia, basi. Ukipata D mbili tu hapo, una masomo sita ya ufaulu na matatu ya lazima yamo. Kurudia yote saba ni kununua tena kitu kilicho kabatini.

QT si yako. Ni mtihani wa maarifa kwa mtu ambaye hakupitia sekondari na anataka apate sifa ya kukaa mtihani wa kidato cha nne. Wewe umeshakaa mtihani huo, kwa hiyo unaingia kama mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia, kwa namba yako ile ile ya 2016. Anayerudia hubeba masomo anayoyahitaji, halazimiki kubeba saba.

Ualimu anaousema wifi: ngazi ya cheti imekuwa ikidai daraja la kwanza hadi la tatu. Pointi 30 ni daraja la nne, ambalo linaanzia 26 mpaka 33. Njia hiyo kwako ni ndefu kuliko ya uuguzi, ingawa kwa nje inaonekana nyepesi.

Usajili wenyewe: dirisha la Baraza la Mitihani kwa watahiniwa wa kujitegemea kwa kawaida hufunguliwa Januari mosi, hufungwa mwisho wa Februari, na Machi ni kwa faini. Unaenda kwenye kituo cha mtihani, mkuu wa kituo anakupa namba rejea, unaingiza taarifa zako mtandaoni, unapakia picha, unapata namba ya malipo, unalipa, kisha unarudi kwenye mfumo kuhakikisha malipo yamesoma. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtu analipa, anatia risiti kwenye pochi, analala. Ikifika Machi jina halipo. Chapisha ule ukurasa unaoonyesha masomo yako na uyahesabu kwa kidole kabla hujaondoka.

Ramadhani ya 2026 na ya 2027 zote zinaangukia Februari na Machi, yaani palepale penye usajili. Maliza Januari, usisubiri mpaka siku za kukaanga sambusa.

Jambo jingine wachache wanaliangalia: sekondari zimeanza kuhamia kwenye mtaala ulioboreshwa, kidato kimoja baada ya kingine. Kabla ya kununua kitabu chochote pale sokoni, muulize mkuu wa kituo mtihani wa mwaka wako unatoka kwenye muhtasari upi. Vitabu vya zamani ni rahisi kupata, lakini huenda mada zimehamishwa.

Na ujue huna alama za maendeleo za shuleni. Mwanafunzi wa shule huingia na akiba yake. Mtahiniwa wa kujitegemea matokeo yake yote ni karatasi ya Novemba. Kwa hiyo karatasi ya vitendo kwako ina uzito zaidi.

---

FundiMaabara

Nadakia hapo kwenye vitendo, maana ndipo watu wa kujitegemea wanapopotezea alama za bure.

Ukienda kituoni Januari, uliza mambo matatu kabla hujatoa shilingi: kituo kina maabara yake au wanaazima? Vitendo vinafundishwa lini na mara ngapi? Kwenye meza moja wanakaa wangapi? Wakikwambia vitendo ni wiki mbili kabla ya mtihani, meza moja watu kumi na wawili, tafuta kituo kingine. Utashika byureti (mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki chini) mara moja tu, na wenzako kumi na mmoja wanasubiri zamu yao.

Lakini mazoezi ya mkono yanaanzia nyumbani. Kwa Fizikia, chukua pendulamu. Unahitaji uzi wa kushonea (wewe unao tele), kijiwe cha duara au kokwa iliyotobolewa, futi kamba ya fundi cherehani, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Funga uzi kwenye msumari wa fremu ya mlango. Pima kutoka msumarini hadi katikati ya kijiwe, siyo hadi chini yake. Urefu wa mita moja kwanza. Vuta pembeni kidogo tu, kama upana wa kiganja, achia. Hesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi. Inatakiwa ichukue sekunde 40 na kidogo. Ukipata 38, ulianza kuhesabu "moja" pale ulipoachia badala ya "sifuri". Kosa hilo hulifanya karibu kila anayeanza.

Kisha punguza uzi: sentimita 80 utapata kama sekunde 36, sentimita 60 kama 31, sentimita 40 kama 25, sentimita 20 kama 18. Gawa kila moja kwa 20 upate muda wa mzunguko mmoja, uuzidishe kwa wenyewe, chora grafu ya jibu hilo dhidi ya urefu wa uzi kwa mita. Mstari unyooke na upite karibu na sifuri. Slopu yake inakaribia 4. Ukigawa 39.5 kwa slopu hiyo, unapata mvutano wa dunia, 9.8 hivi. Fanya mara nne kwa wiki tofauti, mkono utazoea na grafu haitakutisha. Kwenye grafu alama zinaondoka kwa vitu vidogo: kusahau kichwa cha grafu, kusahau vipimo kwenye mihimili, na kuchagua skeli inayobana nukta zote kwenye kona moja ya karatasi.

Kwa Kemia, unachojifunza nyumbani ni kudondosha tone moja moja. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, tupa ile sindano. Chemsha choya nyekundu kidogo kwenye maji, hiyo ni rangi yako ya kupimia: kwenye asidi ni nyekundu, kwenye besi inageuka kuwa ya kijani au samawati. Weka magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye glasi, tia matone ya choya, kisha dondosha siki kutoka kwenye bomba huku ukizungusha glasi. Itatoa povu kidogo, ngoja litulie ndiyo udondoshe tena. Lengo ni kusimama kwenye tone lile lile linalogeuza rangi. Ukipitiliza, anza upya. Glasi hiyo isirudi tena kwenye vyombo vya kulia, na mtoto wa mwaka mmoja awe amelala au kwa bibi yake.

Maabara halisi ina mitego yake. Byureti ikiwa na kiputo cha hewa chini ya koki, usomaji wa kwanza unaharibika, kwa hiyo fungua koki mpaka hewa itoke ndipo uandike sifuri. Toa faneli kabla ya kuanza, maana hudondosha yenyewe. Jicho liwe usawa wa mstari wa maji. Andika nukta mbili kila mara: 24.20, siyo 24.2. Usomaji wa majaribio hauingii kwenye wastani. Ukipata 24.60 kwenye majaribio, halafu 24.20, 24.30 na 24.20, wastani ni wa zile tatu tu: 24.23. Asidi kali na besi dhaifu, rangi ya kupimia iwe methili oranji. Asidi dhaifu na besi kali, fenolfthalini. Wengine wanakariri majina bila sababu, mwezi mmoja baadaye wanayabadilishana.

---

BiMkubwa_Pangani

Mwanangu, wamekujibu vizuri. Mimi nije kwenye saa, kwa sababu somo linaweza kuwa sahihi na muda usiwepo.

Weka hesabu mezani umwonyeshe na baba watoto. Baada ya sala ya alfajiri mpaka wakubwa waamke, unapata saa moja. Kwa siku sita, saa sita. Wakubwa wakienda chuoni (madrasa) baada ya alasiri, Jumamosi hadi Jumatano, ipo saa moja nyingine ya utulivu. Hizo ni tano. Jumla 11 kwa wiki. Usihesabu usingizi wa mchana wa mdogo, huo ni bahati, ukija ushukuru. Tangu Januari mpaka Oktoba ziko wiki kama 43. Toa nne za Ramadhani na Idi, toa tano za homa, misiba, harusi na wageni. Zinabaki 34. Mara 11 ni saa 374.

Masomo mawili, kila moja saa 187. Masomo saba, kila moja saa 53, na Fizikia ya kuanzia kidato cha kwanza haiwezi kukaa ndani ya saa 53. Mume mwenye nia njema akiiona hesabu hii hatakuwa na ubishi.

Usiku usiutegemee. Mama anayenyonyesha akishika kitabu saa nne usiku, macho yanasoma na kichwa hakipokei. Ila alfajiri ina sharti lake: maji ya chai yachemshwe usiku na kutiwa kwenye chupa, sare zikunjwe usiku, viatu vipangwe mlangoni, unga wa vitumbua uumuke tangu jioni. Ukianza kutafuta soksi alfajiri, saa imekwisha.

Kofia usiache. Mtu akimwondolea mama kitu pekee anachokifanya kwa kukipenda, kitabu nacho atakichukia. Kata idadi tu. Kama unatoa mbili kwa mwezi, toa moja, na tangu Septemba usipokee kazi mpya. Oda za Idi zipokee mapema na kwa kianzio cha nusu. Hela hiyo ndiyo ada ya mtihani. Kazi ya Idi inayoletwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, ikatae kwa heshima.

Na viua vina faida yake. Mikono inatoboa na kuzungushia uzi, macho yako hapo, lakini masikio hayana kazi. Rekodi maswali kwenye simu kwa sauti yako mwenyewe: swali, kimya cha sekunde tano, jibu. Maswali ishirini kwa kipande kimoja, dakika sita hivi. Kwenye kile kimya ujibu kwa mdomo kabla sauti haijakuwahi. Kipande kimoja ukisikilize siku tatu, kisha baada ya wiki kirudie. Viua fanya mchana kwenye mwanga wa kibarazani. Usiku fanya za kuunganisha, usiyaue macho unayoyahitaji alfajiri.

Kwa kuwa muda wa kofia utakuwa mdogo, usiharibu hata moja. Fua kitambaa na kukikausha kabla ya kukata, vinginevyo kofia ya inchi 22 itarudi 21 ikifuliwa na mteja ataileta. Kipande cha juu cha kichwa cha inchi 22 ni duara la upana wa inchi 7, ukiongeza nusu inchi kuzunguka ya mshono. Chora maua kwa penseli nyepesi, kalamu ya wino haitoki kwenye kitambaa cheupe.

---

Nesi_Pwani

Mwalimu yuko sahihi kwenye sifa, lakini hapo kwenye masomo mawili sikubaliani naye moja kwa moja. Dada ana F ya Kiingereza. Karatasi ya Kemia ni ya Kiingereza, ya Fizikia pia, na chuoni kila kitu ni Kiingereza, kuanzia majina ya mifupa hadi ripoti ya kukabidhi zamu. Mtu anaweza kuijua kabisa kazi ya figo akakosa swali kwa sababu hakutofautisha "state", "explain" na "differentiate". Mimi ningesajili matatu: Kemia, Fizikia, Kiingereza.

Tena vyuo vinapochuja, Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza kwa mwombaji.

Kalenda uijue mapema. Mtihani Novemba, matokeo kwa kawaida Januari, maombi ya vyuo vya afya hufuata katikati ya mwaka kupitia mfumo wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati), masomo huanza Septemba au Oktoba. Stashahada ni miaka mitatu. Ukisajili Januari hii, mdogo atakuwa anakaribia miaka mitatu siku unayoingia darasani, ameshaacha ziwa. Hilo limekaa vizuri. Lisilokaa vizuri ni zamu: mafunzo ya wodini yana usiku ndani yake, na mkunga hachagui saa ya mtoto kuzaliwa. Zungumzeni sasa nani atalala na watoto usiku huo, bibi yao, wifi au baba yao. Msisubiri barua ya chuo ifike.

---

Mwalimu_Chumbageni

Nesi, kwenye lugha nakubali, kwenye kusajili bado nasita. Saa 374 kwa matatu ni karibu 125 kila moja, na Fizikia na Kemia anaanza na ukurasa wa kwanza. Kuna njia ya kati: asisajili Kiingereza, lakini zile sauti za Bi Mkubwa azirekodi kwa Kiingereza, na daftari lake la Kemia aliandike kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Aandike maneno ya maagizo kwenye ukurasa wa mbele: "state" ni kutaja bila maelezo, "explain" ni kutaja pamoja na sababu, "differentiate" ni jedwali la safu mbili, kila mstari ulingane na mwenzake. D ya Kemia inapatikana hivyo. Kiingereza anaweza kukikalia mwaka unaofuata huku akisubiri chuo, maana ule mwaka una nafasi.

---

Nesi_Pwani

Hiyo ya kukikalia baadaye haiwezekani, mwalimu. Akikikalia Novemba ya mwaka unaofuata atakuwa tayari yuko chuoni. Lakini ya kurekodi kwa Kiingereza naikubali, ni nzuri. Aamue mwenyewe mwishoni mwa Januari: ajipime kwa karatasi moja ya zamani ya Kiingereza. Akifika 20 bila kusoma, asajili matatu. Akiwa chini ya hapo, mawili.

---

MamaWatatu_Makorora

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni sana nyote. Hesabu ya saa 374 nimeiandika nyuma ya kalenda na baba watoto ameikubali. Limebaki moja: cheti cha 2016 kina jina la baba yangu, lakini kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la mume. Nisajili kwa lipi?

---

Mwalimu_Chumbageni

Kwa lile la cheti cha 2016, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Kama pameandikwa "Mwanahamis" bila i ya mwisho, andika hivyo hivyo. Mfumo unakutambua kwa namba ya mtihani ya zamani na jina lake. Ukiweka la mume, utakuwa na vyeti viwili vya watu wawili, na chuo hakitaviunganisha.

La NIDA lishughulikie mwaka huu kabla ya maombi ya chuo. Nenda kwa wakili na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho, akuandalie hati inayoonyesha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Toa nakala nne zilizothibitishwa: moja ya chuo, moja ya bima, mbili za akiba. Kama cheti cha kuzaliwa huna, anza na hicho RITA (ofisi ya vizazi na vifo), maana wakili atakuuliza hicho hicho.